Uso Usio Wake

Afisa usalama wa kiwanda hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa studio kwa bega, akasimama katikati ya chumba, akatazama pazia la kupigia picha, kiti cha wateja na kompyuta kuukuu iliyokuwa ikivuma kwenye kona, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba anayotaka kuinunua kwa bei ya kutupa. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Miwani, ingawa si mbele yake.

"Wewe ndiye Mama Studio?"

"Ndiye mimi, mzee. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitoa flashi mfukoni, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagusa mkono wa mwanamke yule.

"Humu mna picha za vurugu za pale getini. Ni nyingi. Walinzi wangu walizipiga kwa simu kutoka juu ya paa la ofisi, wengine huku wakikimbia. Sura hazionekani, ukungu mtupu. Nataka uzinoe. Zote, umenielewa? Kila aliyekuwa pale aonekane macho na pua."

Habari za vurugu zile nani hakuwa nazo? Bomba la mvuke lilikuwa limepasuka kiwandani, likambabua mfanyakazi mmoja kifua kizima. Kesho yake wenzake walisimama getini wakasema hawaingii kazini mpaka mtambo uzimwe. Walinzi wakaja na virungu. Katika msukumano huo jiwe likaruka, likampata mlinzi mmoja kichwani, na tangu hapo alikuwa amelazwa hospitali hajitambui. Mume wa Mama Studio alikuwa mpakiaji katika kiwanda hicho hicho. Siku ya vurugu, ndivyo alivyomwambia mkewe, alikuwa stoo akipanga makasha. Getini hakusogea.

"Picha za mbali hivi ni kazi, mzee," alisema kwa upole. "Kunoa ni kuikazia tu mistari iliyopo. Pale ambapo sura ni doa, hata ukinoa vipi, unapata doa lenye makali."

"Sikuja darasani, mama. Nimeambiwa una programu mpya, ile inayofufua picha."

"Ninayo. Lakini ile ina mambo yake. Pasipo na kitu, inaweka kitu."

"Basi na iweke. Nataka sura."

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia mumewe na ndoo ya maji. Alipomwona mgeni alisimama ghafla na maji yakamwagika sakafuni. Kifundo chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimezungushiwa bendeji nyeupe. Mvuke ulimramba alipokuwa akimvuta mwenzake aliyeungua, na tangu hapo mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga na kumfungua.

"Wewe si wa upakiaji wewe?" Miwani aliuliza.

"Ndiyo, bosi."

"Mkono umefanya nini?"

"Mvuke, bosi. Siku ile bomba lilipopasuka."

"Aa. Pole." Miwani alimtazama kwa muda, au pengine alitazama ukuta, kwa miwani ile huwezi kujua. "Wapakiaji mlikuwa na akili siku ile. Mlikaa stoo. Ungekuwa getini, tusingezungumza hivi."

"Ndiyo, bosi," alijibu tena, na mkewe akaona aibu kwa niaba yake, maana alikuwa bado ameinamia ndoo kama mtoto anayengoja kuruhusiwa kuondoka.

Mgeni alipotoka, mume alichukua tambara akaanza kupangusa maji. Alipangusa mahali pamoja muda mrefu.

"Umeikubali kazi yake?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ulisikia akiniuliza kama nakubali?"

*

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Picha zilikuwa mamia kwa mamia. Hakuna fundi anayenoa moja moja kwa wingi huo; atazeeka kitini. Unachagua chache za mfano, unazijaribu, unapandisha makali na kuyashusha mpaka macho yaridhike, kisha unaiamuru kompyuta ifanye hivyo hivyo kwa folda nzima, na wewe unakwenda kupika.

Alianza kwa njia ya kawaida. Kofia za walinzi zikapata kingo, nondo za geti zikatengana, vumbi likawa punje punje kama mchanga. Lakini sura zilibaki vile vile, ndogo kama kucha. Alikumbuka lile "nataka sura," akafungua programu mpya.

Aliijua tabia yake. Katika picha za harusi moja ilimpa shangazi wa bwana harusi meno ya mbele ambayo yaling'oka zamani. Watu walicheka hadi machozi, na shangazi mwenyewe akaomba nakala za kugawia marafiki. Mama Studio naye alicheka. Hakuwahi kuwaza kwamba siku moja kitu kile kile kitamkosesha usingizi.

Aliipa folda nzima, akabonyeza, akaenda jikoni. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga.

"Mashine yako leo inakoroma," bibi alisema.

"Imebeba mzigo, Mama."

"Mzigo wa nani?"

"Wa kiwandani."

Bibi aliacha kuchambua, akamtazama mkaza mwanawe, kisha akaendelea. Mwanawe alikuwa amepita hapo muda mfupi kabla, akakataa chakula, akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Mchana kompyuta ilipotulia, Mama Studio alizipitia picha upesi upesi. Watu waliokuwa kivuli walikuwa sasa na nyusi, na midomo, na makunyanzi. Ilikuwa kama kufuta kioo kilichojaa jasho. Kwenye moja, mwanamume alikuwa ameinua mkono nyuma ya bega, jiwe limeshaanza kuondoka kiganjani. Katika picha ya asili kichwa chake kilikuwa alama ya kidole kwenye kioo. Sasa alikuwa mtu kamili: masharubu mafupi, mashavu yaliyoingia ndani, jicho moja dogo kuliko jingine, na saa mkononi.

"Eh," alijisemea, na kwa kweli alijisikia fahari kidogo. Sura ile ilimjia kama ya mtu aliyewahi kumwona mahali, lakini akili yake ilikuwa imechoka na hakuifuata. Miwani alikuja jioni, akachukua flashi ikiwa na zile zilizonolewa tu, akalipa bila kudai chenji.

*

Polisi walimchukua fundi viatu asubuhi, mbele ya wateja wake. Alikuwa na kibanda karibu na geti la kiwanda, na watu waliokuwapo walisema alikuwa bado na sindano mkononi, na kiatu cha mtu kilichoshonwa nusu kikabaki juu ya benchi. Hakugoma wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mimi?" akauliza tena, "Mimi?" mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Mama Studio aliisikia habari hiyo dukani, akaikumbuka ile sura ya kwenye picha. Masharubu mafupi. Mashavu yaliyoingia ndani. Alirudi nyumbani bila alichokwenda kununua, na kabla hajakaa, mke wa fundi viatu akaingia, khanga imefungwa ovyo, amevaa ndala mbili zisizofanana.

"Dada, nisaidie. Wanasema wana picha yake. Wamenionesha kwa mbali, ni yeye, dada, naapa ni yeye, lakini si yeye! Siku ile alikuwa kitandani ana homa, mimi mwenyewe nilikuwa namkanda kwa maji baridi. Nimewaambia. Wamenicheka. Mmoja akasema, mke atasema nini kingine?"

"Kaa kwanza. Kaa, mdogo wangu."

"Wewe unayajua mambo ya picha. Picha inaweza kumwona mtu mahali ambapo hakuwepo?"

Mama Studio alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, tena alikuwa nalo vizuri kuliko mtu yeyote mtaani pale. Lakini aliiona miwani ile nyeusi imeinama mezani kwake, akaona mumewe ameinamia ndoo.

"Sijui," alisema. "Ngoja niulizie."

"Niulizie, dada. Mungu akubariki." Akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Alipoondoka, Mama Studio alikwenda kunawa, na hakuelewa kwa nini ananawa.

Alifunga mlango wa studio, akashusha pazia la dirisha, akafungua picha ya asili. Mtu, mkono, doa. Akaipa programu ile tena, safari hii akigeuza makali kidogo tu. Akangoja. Sura ilipotokea, hakuwa fundi viatu. Alikuwa kijana mnene asiye na ndevu. Akageuza tena. Akatokea mzee mwenye paji pana. Akageuza tena, akatokea mtu ambaye hakufanana na yeyote, anayetabasamu, jiwe mkononi. Kila alipobonyeza, mwingine alikuja, mzima kabisa, na vinyweleo vyake, tayari kukamatwa.

Alisukuma kiti nyuma. Aliona ile siku fundi viatu alipokuja kupiga picha ya kitambulisho na kukaa kwenye kiti kile pale, akiuliza kama atabasamu au asitabasamu. Picha ya jiwe hakuipiga yeye. Lakini uso wa fundi viatu, yeye ndiye aliyeutia humo.

Kisha, kwa kuwa sura haikuwa na la kumwambia, aliacha kuitazama akautazama mwili. Mguu wa mbele umekunjwa. Shati limetoka nje ya suruali. Na kwenye kifundo cha mkono wa kulia ulioinuliwa, pale ambapo programu ilikuwa imechora saa, katika picha ya asili palikuwa na mstari mweupe, mpana, uliozungushwa.

Alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, asubuhi ya vurugu, akauchoma pini.

*

Hakumngoja akae. Mara tu mumewe alipovua viatu, alimgeuzia kompyuta.

"Huyu ni nani?"

Mumewe alitazama.

"Haonekani," alisema.

"Nimekuuliza ni nani, sijakuuliza kama anaonekana."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, polepole, kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Bendeji ilikuwa imechafuka pembeni. Aliifunika kwa mkono wa pili.

"Walikuwa wanampiga yule mzee anayewasha boila, mtambo wa mvuke," alisema. "Ameanguka, na bado wanampiga. Sikulenga kichwa. Wala sikumlenga mtu, nilitaka tu wageuke. Liliponitoka mkononi nikatamani nilikimbilie nilirudishe." Aliikaza bendeji. "Kila siku nakwenda hospitali. Unaposikia nakwenda kunyoosha miguu, nakwenda kule. Nasimama kwenye ua, nawauliza wasafishaji kama yule mlinzi ameamka. Wananiona mimi ni ndugu yake."

"Na fundi viatu?"

"Nimesikia."

"Umesikia, halafu?"

"Halafu nini, mke wangu? Unataka niseme nini? Watamwachia tu. Hana hatia."

"Wana picha ya uso wake!"

"Si uso wake! Unajua mwenyewe ni mashine!"

"Mimi najua ni mashine. Wewe unajua ni mashine. Wao wanajua?"

Alisimama, akaanza kutembea kutoka pazia hadi mlangoni, chumba kidogo kile, hatua chache kwenda na chache kurudi. "Sikiliza. Futa hiyo picha ya asili. Yeye Miwani hana haja nayo, anayo iliyonolewa. Ukiifuta, hakuna bendeji. Yule jamaa atapata wakili, atasema alikuwa na homa, mwisho watachoka naye. Lakini mimi wakinipata, hawachoki. Nimempasua mtu kichwa. Akifa je? Umewaza akifa?"

"Nawaza."

"Mama yangu ataishi na nani? Wewe utaishi vipi?"

"Usinifiche nyuma ya mama yako."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa amesimama hapo na taa ya mkononi ambayo hakuiwasha, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Aligeuka akarudi chumbani kwake, na wakasikia kitanda kikilalamika alipokikalia.

Walilala wakiwa wamepeana migongo. Kila gari lililopunguza mwendo nje, wote wawili waliacha kupumua mpaka lipite.

*

Asubuhi Mama Studio alinakili ile picha ya asili kwenye flashi yake, pamoja na zile sura zote tatu alizozitoa baadaye, akaitia katika kifuko cha shanga, akakifunga kiunoni. Mumewe alimtazama toka kitandani.

"Ukiwapelekea hiyo, umenipeleka mimi."

"Najua."

"Basi useme tu kwa mdomo. Waambie programu ilikosea. Picha usiwape."

"Jana mke wa fundi viatu alisema kwa mdomo. Wakamcheka."

Alingoja amzuie. Laiti angeinuka akamshika mkono, pengine angebaki, na angekuwa na mtu wa kumlaumu. Hakuinuka. Mkewe akatoka.

Kituoni alikalishwa kwenye benchi kando ya mwanamke aliyeibiwa kuku na kijana aliyepoteza kitambulisho. Inspekta alimpokea akiwa anakunywa chai. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole huo ulimtisha kuliko ukali.

"Wewe ndiye uliyetusafishia picha. Kazi nzuri sana. Tulikuwa tumekwama."

"Ndiyo sababu nimekuja, afande. Ile sura si ya mtu."

"Ni ya nani basi?"

"Si ya mtu yeyote. Programu imeibuni. Nilijua ina tabia hiyo, nikawapa hivyo hivyo kwa sababu niliogopa kukataa. Uso ule nimeutia mimi." Akatoa flashi. "Ukitaka, tazama. Picha ni hiyo hiyo moja, sura ni nne pamoja na ile mliyo nayo."

Inspekta aliweka kikombe. Alizitazama kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine: masharubu, kijana mnene, mzee, yule anayetabasamu. Alirudi nyuma akazitazama upya. Hakuonekana kushangaa sana. Alionekana kama mtu aliyeletewa kazi nyingine wakati ile ya kwanza ilikuwa imeshakwisha.

"Unafahamu kwamba kuleta kielelezo cha uongo ni kosa?"

"Nafahamu, afande."

"Na bado umekuja."

"Yule bwana alikuwa na homa."

Inspekta alifungua picha ya asili, akaikuza, akaisogelea kwa pua. Mama Studio alijua anakoelekea kabla hajafika. Alikiona kidole chake kikitembea juu ya kioo, kutoka kwenye doa la kichwa, begani, mkononi, mpaka pale.

"Kwenye ile uliyonoa hii ni saa."

"Ndiyo."

"Hapa si saa. Ni kitu cheupe. Ni nini hiki?"

Mama Studio alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani, lakini la kujibu swali hili hakulipata njia nzima. Nje mtu alicheka. Feni ya dari ilizunguka.

"Mama, nimekuuliza. Hiki ni nini? Wewe unazijua picha kuliko mimi."

"Naomba maji, afande," alisema.

*

Nyumbani, mume alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda. Mama yake aliingia bila kubisha, akamletea shati safi, akaliweka magotini pake.

"Mkeo yuko kule peke yake," alisema.

"Hakunisikiliza, Mama."

"Wanamuuliza sasa hivi. Unafikiri anawajibu nini?"

Alilishika shati, hakulivaa.

"Akisema, amekuuza, na hatajisamehe mpaka kaburini. Asiposema, watamweka yeye ndani. Ndiyo kazi uliyomwachia, mwanangu." Bibi alirudi nyuma hatua moja. "Sitaki uende. Nakuambia ukweli wa Mungu, sitaki. Nikikushika sasa hivi sikuachii. Kwa hiyo vaa shati kabla sijakushika."

Akavaa. Vifungo vilimshinda kwa mkono ule wenye bendeji, na mama yake akamfunga kimoja kimoja kuanzia chini, na alipofika kwenye kola aliiachia haraka kama imemuunguza.

Njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya hospitali. Alisimama kwenye ua kama kawaida yake, akamwuliza mfagiaji. Yule mwanamke alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndugu yako amefumbua macho alfajiri. Ameomba uji. Ingia ukamwone." Alimshukuru, hakuingia, akaendelea na safari yake akiwa analia waziwazi barabarani, na watu wakampisha.

*

Mama Studio alikuwa bado ameshika glasi ya maji aliposikia sauti kaunta.

"Nimekuja kuhusu jiwe."

"Jiwe gani?" askari wa kaunta aliuliza.

"La getini."

Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama hapo na shati safi, mkono wa kulia ameulaza juu ya kaunta, bendeji juu, kama mgonjwa anayemwonesha daktari. Inspekta alitoka ofisini, akatazama mkono ule, akamtazama mwanamke, na hakurudia swali lake.

Walipewa nafasi ya kusema maneno machache ukumbini, askari amesimama kati yao.

"Ameamka," mumewe alisema. "Ameomba uji."

"Nani?"

"Yule mlinzi."

Mama Studio alitaka kumwambia neno kubwa, lakini lililotoka lilikuwa, "Bendeji ibadilishwe kesho. Waambie. Na usiiloweshe." Kisha wakampeleka ndani.

Fundi viatu alitolewa jioni. Alitembea akiwa amejikunja upande mmoja, mdomo umevimba, na mkewe amemshika kiunoni. Walipita karibu na benchi. Mwanamke yule alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Ilionekana katika namna alivyogeuza uso. Fundi viatu mwenyewe alisimama.

"Nimeiona ile picha," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Wameniwekea mbele yangu mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama nilikwenda. Homa hufanya mambo."

"Nisamehe, kaka."

"Leo siwezi," alisema, bila hasira. "Siku nyingine nitajaribu."

*

Mlinzi alipona, ila alibaki na kichwa cha kuuma. Mahakamani aliulizwa kama anamtambua aliyemrushia jiwe, akasema aliona vumbi tu. Hakimu alizingatia kwamba mshtakiwa amejileta mwenyewe, akamhukumu kifungo, kifupi kuliko walivyokiogopa na kirefu kuliko bibi alivyokivumilia. Kiwandani jina lake lilifutwa siku hiyo hiyo. Mama Studio alionywa kwa maandishi akaachiwa. Bomba la mvuke lilibadilishwa kimyakimya siku ya mapumziko, bila mtu yeyote kuambiwa.

Picha nyingine zilizonolewa, hata hivyo, hazikurudishwa. Wafanyakazi waliendelea kuitwa ofisini mmoja mmoja na kuoneshwa nyuso zao. Mama Studio aliandika barua kwa mkuu wa kiwanda kueleza kuhusu programu ile, hakujibiwa. Akaenda mwenyewe, hakupita getini. Walioachishwa kazi walikuwa wengi, na baadhi yao waliapa kwamba siku ile hawakuwepo. Wateja wa studio walipungua. Wengine walimchukia kwa sababu alizinoa zile picha, wengine kwa sababu alikwenda kusema, na wapo waliomchukia kwa yote mawili.

Siku moja mchana, akiwa anapangusa vumbi kwenye kiti cha wateja, alimwona Miwani akishuka garini ng'ambo ya barabara. Lakini hakuja kwake. Aliingia katika studio nyingine, ile ya yule jamaa mwenye upara ambaye watu walimwita Flashi, na baada ya muda akatoka akiwa anajipigapiga mfuko wa shati. Mfuko ulikuwa mtupu; flashi yake ameiacha mle.

Bibi alikuwa dirishani. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kuna picha nyingine?"

"Za geti la nyuma. Wafanyakazi walisema zipo."

"Achana nao, mwanangu. Wameshamchukua mmoja hapa. Yule mtu akikuona umeingia mle..." Hakumaliza.

Mama Studio alisimama kizingitini. Gari la Miwani lilikuwa bado limeegeshwa mbele kidogo, injini inanguruma, na hakuweza kujua kama kioo kile cheusi kilikuwa kinamtazama yeye. Flashi na yeye hawakuwahi kupendana. Waliibiana wateja tangu wote wawili walipoanza kazi. Kupitia mlango wake ulio wazi alimwona ameshaketi, amechomeka flashi ya Miwani, anavuta kiti karibu.

Akavuka barabara.

"Hodi," alisema. "Usibonyeze kwanza. Nina kitu nataka kukuonesha."

Flashi aliinua kichwa, akamtazama yeye, akatazama nje kwenye lile gari, akamtazama yeye tena. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Funga mlango," alisema.